Sosholojia ni nini, na mtoto wa Kwale aisomee ya nini?

Kila KUCCPS inapofungua tovuti yake kwa waliofanya KCSE, simu yangu hupata kazi. Wazazi wa Ukunda, Msambweni na hata Kinango hunipigia kuulizia kozi za watoto wao, wakidhani kwamba mtu anayeandika makala lazima ajue kila kitu. Uuguzi na ualimu hawaulizi, kwa sababu kazi zake zinajulikana. Wanaloniuliza sana ni hili: "Bwana, kijana amepata nafasi ya kusomea sosholojia. Hicho ni kitu gani, na ataandikwa kazi gani?" Wengine huongeza swali la tatu kwa sauti ya chini: "Na haitampotezea dini?"

Ni maswali ya haki. Mzazi anayeuliza hivyo huenda ameshauza ng'ombe au amekopa kwenye chama, na miaka minne ya chuo kikuu si mchezo. Leo nitayajibu yote matatu, na pia nitaeleza kwa nini naona sisi watu wa Kwale tunaihitaji elimu hii kuliko tunavyodhani.

Elimu ya kutazama wengi

Sosholojia ni elimu ya jamii: jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyogawana mali na mamlaka, wanavyooana, wanavyogombana na wanavyobadilika. Haimtazami mtu mmoja kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Hutazama mambo yanayojirudia kwa watu wengi, kisha hutafuta sababu.

Chukua kazi za hoteli. Mhudumu mmoja wa Diani akifutwa kwa sababu anachelewa kila siku, hilo ni lake na meneja wake. Lakini Agosti 1997, wavamizi waliposhambulia kituo cha polisi cha Likoni na ghasia zikaenea, watalii walikimbia na hoteli zikabaki tupu. Mwaka 2020 corona ilifanya vivyo hivyo. Wapishi, watunza bustani, wauza vinyago na madereva wa teksi walikaa nyumbani kwa wakati mmoja. Hapo huwezi kusema wote walikuwa wavivu.

Msomi wa Kimarekani C. Wright Mills aliieleza tofauti hii katika kitabu chake cha mwaka 1959, ambacho wanafunzi wengi wa sosholojia hukutana nacho mapema. Kuna shida ya mtu binafsi na kuna jambo la umma, na sisi huwa wepesi kuyachanganya. Kwa hivyo mwanafunzi hufunzwa kuuliza: ilikuwaje mji mzima ukategemea ajira ya aina moja? Nani alikuwa na akiba, na nani alirudi shambani kwa mamake?

Mfano wa pili ni kichocho. Eneo la Msambweni limefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Daktari anaujua mnyoo, anamjua konokono anayeubeba, na dawa ipo. Lakini mtoto aliyetibiwa Jumatatu akirudi mtoni Jumamosi, anaweza kuambukizwa upya. Kwa nini anarudi? Huenda bomba halina maji. Huenda maji ya mfereji yanauzwa, na kazi ya kuteka imewekwa juu ya wasichana. Au pengine mtoni ndipo watoto wanapocheza kwa kuwa uwanja hakuna. Sababu ya kwanza inataka fundi wa maji, ya pili inataka mazungumzo ndani ya nyumba, ya tatu inataka kiwanja. Kujua ni ipi, na katika kijiji kipi, ni kazi ya mwanasosholojia.

Na dini je?

Hofu hii naielewa. Darasani kijana atakutana na waandishi waliochunguza dini kama jambo la wanadamu tu: Karl Marx, Émile Durkheim, Max Weber. Atatakiwa aeleze walichosema na akipime. Lakini kueleza maneno ya mtu si kuyaamini. Hata wanavyuoni wetu husoma hoja za makundi wasiyokubaliana nayo, ili wajue wanajibu nini.

Tena anayesema elimu hii ni ya Wazungu amemsahau Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo mwaka 1406, na alikuwa kadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwaka 1377 aliandika Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Humo anaeleza kwa nini dola huinuka na kuanguka. Watu wa jangwani huwa na mshikamano wa damu na wa dhiki, aliouita asabiyya. Mshikamano huo huwapa nguvu ya kuuteka mji. Wakishakaa katika starehe za mji kwa vizazi, mshikamano hulegea, na wengine huja kuwaondoa. Aliwasuta pia wanahistoria waliopokea habari bila kuzipima. Mfaransa Auguste Comte alipoipa elimu hii jina la sosholojia katika miaka ya 1830, Ibn Khaldun alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kwa zaidi ya miaka 400.

Kwa hivyo jibu langu kwa mzazi ni kwamba kijana aliyelelewa akaijua dini yake hataharibiwa na sosholojia. Na asiyeijua anaweza kupotea hata akisomea uhandisi.

Shamba moja, sheria tatu

Tuje nyumbani kabisa. Wazee wa Kidigo wanajua kwamba zamani mali ilipita upande wa mama: mjomba akifa, mrithi ni mpwa wake, mtoto wa dada. Uislamu ulipokita mizizi, sheria yake ikasema watoto wamrithi baba yao, na mabinti wana fungu lao. Kisha serikali ikaleta hatimiliki, ambayo mara nyingi huandikwa jina la mwanamume mmoja. Shamba ni lilelile na minazi ni ileile, lakini sasa taratibu ni tatu. Ukifuatilia ugomvi wa ardhi wa familia zetu nyingi, utakuta taratibu hizo zimegongana.

Kadhi atakwambia haki ya kila mrithi ni ipi. Wakili atakwambia hati inasema nini. Mwanasosholojia huuliza jambo lingine: watu wanafanya nini hasa? Binti akishapewa fungu lake, hulichukua, au humwachia kaka yake ili siku akiachika awe na pa kurudi? Je, ugomvi ni mkali zaidi karibu na ufuo, ambako wawekezaji wanatafuta viwanja, kuliko ndani bara? Wazee wa kijiji hutumia utaratibu upi, na hubadilisha lini? Majibu hayo humsaidia hata kadhi na wakili, kwa sababu hukumu isiyojua maisha ya watu hubaki kwenye faili.

Na habari hizi wageni walitutangulia kuziandika. Mmarekani Luther Gerlach, wa fani jirani ya anthropolojia, aliandika tasnifu ya Chuo Kikuu cha London kuhusu muundo wa jamii ya Wadigo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Simlaumu, alifanya kazi yake. Ila ni aibu kidogo kwamba mjukuu wa Kidigo anayetaka kujua mababu waligawana vipi minazi anaweza kulazimika kuagiza habari hiyo kutoka ng'ambo.

Miaka minne ina nini

Shahada hii nchini Kenya huchukua miaka minne, na kuingia chuo kikuu kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Mpangilio hutofautiana chuo kwa chuo, lakini vipande vyake vinafanana. Mwanzoni kuna utangulizi wa somo pamoja na masomo ya jumla kama mawasiliano. Baadaye huja nadharia, njia za utafiti na takwimu. Halafu matawi: familia, miji na vijiji, uhalifu, afya, jinsia, kazi, maendeleo. Kwa kawaida kuna mafunzo ya nyanjani, na mwisho mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika.

Ningekuwa na mtoto katika kozi hii, ningemwambia ashike sana njia za utafiti na takwimu. Mfano ni huu: unataka kujua ni kaya ngapi za Msambweni hazina choo. Huwezi kusimama sokoni ukauliza wanaopita, kwa sababu mgonjwa, mzee na mama mwenye mtoto mchanga hawako sokoni. Unahitaji orodha ya kaya zote, kisha uchague kwa kura ili kila kaya iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Halafu ujue kuuliza. Mtu akiulizwa mbele ya shemeji zake kama ana choo, anaweza kusema anacho. Kupata jibu la kweli bila kumvunjia heshima ni ufundi, na ufundi huo hufunzwa.

Wanafunzi wengi hukimbilia masomo ya sanaa ili waikimbie hesabu. Katika sosholojia hesabu itawafuata. Anayekubali kukaa nayo hutoka na chombo mkononi. Anayeikwepa hutoka na maneno mazuri tu.

Fomu huandikwa na nani?

Mimi nina diploma, si shahada. Kwa diploma hiyo nimekusanya takwimu vijijini mara kadhaa, kwanza kwa karatasi na baadaye kwa tableti. Fomu moja ilikuwa na swali: "Mapato yako ya mwezi ni shilingi ngapi?" Mvuvi hahesabu hivyo. Ana siku za bamvua na siku za maji mafu. Ana kaskazi, na ana miezi ya kusi ambayo bahari huchafuka na chombo kidogo hakitoki. Fomu nyingine iliuliza nani alilala nyumbani usiku uliopita. Mume mwenye wake wawili, anayekaa kwa zamu, akahesabiwa nyumba moja, na kule kwingine mke akaonekana kama mtu asiye na mume.

Sisi tuliobeba fomu tuliyaona hayo, lakini hatukuwa na ruhusa ya kubadilisha hata neno. Maswali yalikuja yameshafungwa, yameandikwa na watu wenye shahada na zaidi ambao hawajawahi kungoja chombo kirudi Shimoni. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya vyeti hivi viwili. Mwenye diploma hupewa fomu aijaze, na mwenye shahada huweza kukaa kwenye meza inapoandikwa.

Msidhani hayo ni makaratasi tu. Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 uliwagawa wanafunzi katika madaraja matano kwa kupima uwezo wa familia zao, na daraja ndilo lililoamua ufadhili na mkopo ni kiasi gani. Tangu Oktoba 2024, SHA nayo hukadiria mchango wa wasio na ajira rasmi kwa kuuliza maswali kuhusu hali ya kaya. Kupima umaskini kwa maswali ni sosholojia tupu. Ng'ombe wa Kinango ni utajiri mvua ikinyesha, na ukame ukija ni mizoga. Paa la makuti liko kwenye kibanda cha fukara na pia kwenye hoteli ya kifahari ya Diani. Anayetunga swali bila kujua hayo anaweza kumpandisha maskini daraja, na maskini huyo akakosa karo au matibabu.

Au tazama madini. Base Titanium ilianza uzalishaji hapa Kwale mwaka 2013 na ikamaliza uchimbaji Desemba 2024. Ili mgodi uwepo, familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sasa, "jamii" hiyo ni nani? Ni waliohamishwa, au waliobaki karibu na machimbo? Mpangaji aliyekuja kutafuta kazi yumo? Mjane ambaye jina lake haliko kwenye hati yumo? Mwanasheria peke yake hawezi kulijibu swali hilo. Linahitaji mtu wa kwenda kijiji kwa kijiji akauliza na kuandika.

Si kila mfano ni wa malalamiko. Gazi kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni ambao tangu 2013 umeuza hisa za kaboni kutokana na mikoko inayotunzwa, na pesa zikaingia katika mambo kama maji na shule. Vijiji viwili vinakubalianaje pesa ziende wapi? Sauti ya nani husikika barazani, na ya nani hubaki jikoni? Huo ni utafiti mzuri wa mwaka wa nne, na nauli yake ni ya bodaboda tu kwa mwanafunzi wa Msambweni.

Sasa tuzungumzie mkate

Nisiwafiche wazazi: hakuna mlango wenye kibao cha "mwanasosholojia". Muuguzi ana wodi na mwalimu ana darasa. Mwenye shahada hii hutafuta kazi kwa majina mengine: afisa wa maendeleo ya jamii, afisa wa watoto, afisa wa probesheni, afisa wa jinsia, mtafiti msaidizi, afisa wa ufuatiliaji na tathmini ya miradi, afisa wa uhusiano kati ya kampuni na wanakijiji. Ukisoma masharti ya matangazo hayo ndipo unapokuta sosholojia imetajwa pamoja na fani nyingine za sayansi ya jamii. Waajiri ni serikali ya kitaifa, kaunti, mashirika na miradi ya afya. Ushindani ni mkali, na wengi huanza kwa kandarasi fupi.

Wapo waliofika mbali. Kofi Busia wa Ghana alikuwa mwanasosholojia kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 1969. Hilo nalitaja kama historia, wala mzazi asilipigie hesabu.

Kuna mambo matatu ambayo wazazi huyachanganya. Kwanza, sosholojia si somo la shule za sekondari hapa Kenya, kwa hivyo shahada hii peke yake haimfikishi mtu TSC. Anayetaka ualimu achague shahada ya ualimu. Pili, kozi ya ustawi wa jamii ni tofauti. Hiyo humwandaa mtu kusaidia familia au mtoto aliye taabuni ana kwa ana, ilhali sosholojia humwandaa zaidi kuchunguza na kupanga. Mwenye moyo wa kushika mkono wa mtoto aliyedhulumiwa aiangalie hiyo kwanza. Tatu, aliyekosa C+ hajafungiwa mlango. Diploma huanzia C-, na baadaye anaweza kuomba shahada. Ila aulize chuo mapema, kwa maandishi, kama diploma hiyo itakubaliwa.

Aliyeshaingia asingoje mwaka wa nne ndipo aanze kutafuta njia. Ajifunze programu moja ya takwimu vizuri. Likizoni arudi nyumbani ajitolee katika ofisi ya kaunti, zahanati au shirika, hata kwa nauli tu. Asikionee haya Kidigo wala Kiduruma chake, kwa sababu mtafiti anayezungumza na bibi kizee bila mkalimani ana thamani. Na karo iulizwe mapema: HELB, basari ya eneo bunge, na mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa, kila mmoja una masharti na tarehe zake.

Nani asiisomee? Asiyependa kusoma kurasa nyingi na kuandika. Asiyeweza kumsikiliza mtu wa kawaida kwa saa nzima. Na kijana ambaye familia nzima inamngojea alete mshahara mara tu akihitimu ajipime sana. Kozi ya uuguzi au ya ufundi inaweza kumfaa zaidi, na kuchagua ufundi si kushindwa.

Sensa ya 2019 ilitukuta watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Idadi kama hizo hutumiwa kugawa pesa na kupanga mipaka ya uwakilishi. Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Tutahesabiwa, hilo halina shaka. Ningependa safari hii wawepo watoto wetu miongoni mwa wanaoandaa maswali na wanaochambua majibu, mbali na wale watakaovaa vizibao na kuzunguka juani.

Kwa hivyo mzazi uliyenipigia simu, muite mwanao umuulize mambo mawili: ni jambo gani hapa kwetu unataka kulielewa, na hesabu utaikabili vipi? Akiwa na majibu, mpe baraka zako na umtafutie karo. Akikwambia hakuchagua, kompyuta ndiyo iliyompeleka huko, basi ingieni pamoja kwenye tovuti ya KUCCPS. Huwa kuna muda wa kuomba uhamisho wa kozi, na muda huo ni mfupi.